Album ya Hoza: kinanda kilichokaa mahali pa cherehani

Wakuu, habari za mahangaiko.

Mimi humu ndani ni msomaji kuliko mwandishi. Nachungulia, nacheka, naondoka. Leo nimeona nifungue mdomo.

Wapenzi wa chai mnisamehe, jiko langu halijawashwa. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na wahusika wapo hai, wanakula ugali wao kule Kerenge. Majina sijayageuza, ruhusa niliomba kwanza, maana mmoja wao hasira zake zipo karibu.

Nataka niwape review ya album.

Ni album ya kinanda, ya huzuni, iliyorekodiwa Korogwe zama zile za ruksa, na mtu ambaye hakuwahi kurekodi kabla yake na hakurekodi tena baada yake. Binti yangu ameisikia juzi akaniambia, "Baba, hii kwa wazungu inaitwa synthpop. Mashine zinalia, mtu anasikitika." Hakuamini kwamba aliyeipiga hakuwa amesikia hata wimbo mmoja wa namna hiyo.

Usihangaike kuitafuta mtandaoni, haipo. Kwa nini haipo, ndiyo story yenyewe.

Twende taratibu.

Rafiki yangu Hoza alikuwa mpiga gitaa kwenye bendi ya shamba moja la mkonge. Vijana wa sasa hamjui, lakini mashamba yale yalikuwa na bendi zao na timu zao za mpira, na Jumamosi watu walicheza mpaka viatu vinaomba msamaha. Hoza alipiga rhythm. Sio yule wa mbele anayepiga solo na kuangaliwa na wasichana. Yule wa nyuma, anayeangalia vidole vyake.

Na ni mtu wa kimya huyo! Ukimsalimia leo, jibu unalipata keshokutwa.

Mkonge ukaporomoka, shamba likapunguza watu, bendi ikafa. Vyombo vikafungiwa stoo na ufunguo hatukuuona tena.

Wakati huo Hoza alikuwa ameshaoa. Mke wake ni Mwanaidi, Mzigua wa Kwamsisi. Mshenga nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ni wa Mazingara, Kizigua ndiyo lugha ya nyumbani, na Hoza ni Msambaa wa Kerenge asiye na maneno. Posa nikaipeleka mimi, nikarudishwa, nikaenda tena, mpaka baba mtu, Mzee Mhina, akalegea.

Kwa wasiojua: kazi ya mshenga haiishi siku ya ndoa. Ndoa ikikohoa, unaitwa wewe.

Mzee Mhina alipomtoa binti yake alimpa cherehani. Cherehani ya miguu, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni. Akamwambia mbele yetu sote, "Mwanangu, mume anaweza kuchoka. Hii haichoki." Tukacheka. Hoza naye akacheka.

Walipanga chumba Manundu, palepale Korogwe. Cherehani ikakaa dirishani, na Mwanaidi akawa anashona magauni, sare za shule, mapazia. Bendi ilipokufa, nyumba ile ilikuwa inakula kwa mguu wa Mwanaidi. Naomba mlishike hilo.

Basi ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa.

Mliokuwepo mnakumbuka. Jana duka lina chumvi na viberiti, na hivyo viberiti havishiki. Leo kuna sabuni za kila rangi, redio, saa za plastiki, kandambili za maua. Na mitumba! Marobota yanafunguliwa chini pale sokoni, watu wanapigana vikumbo, gauni la Ulaya unalipata kabla hata fundi hajakupima kiuno. Wateja wa Mwanaidi wakaanza kuadimika.

Kati ya wafanyabiashara wale akaja mmoja na kinanda cha umeme. Cheusi, vitufe vingi, kina ngoma ndani yake, kina filimbi, kina fidla. Unabonyeza kitufe kimoja, bendi nzima inaitika. Hoza alikiona akasimama pale mpaka muuzaji akamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Nadhani mnaona tunakoelekea.

Mwanaidi akaenda Kwamsisi kumuuguza mama yake. Aliporudi, pale dirishani palipokuwa na cherehani akakuta stuli mbili, na juu ya zile stuli kimelala kinanda.

Jamaa alikuwa amebadilishana. Kitu kwa kitu.

Utetezi wake niliusikia kwa masikio yangu. Alisema, "Mitumba imejaa. Nani atashona tena? Mimi nimefikiria mbele."

Kufikiria mbele! Mwanaume mzima anachukua cherehani ya mke wake, zawadi ya mkwe wake, anaitoa kwa sanduku la plastiki linalolia filimbi, halafu anasema amefikiria mbele. Nilimwambia siku ile ile, Hoza wewe ni mpumbavu, na nikimwona leo naweza kumwambia tena.

Mwanaidi hakupiga kelele. Majirani walisema hata maji hakunywa. Alichukua kanga zake, akarudi stendi alikoshukia, akapanda gari la kwao.

Baada ya muda nikaletewa salamu kutoka Kwamsisi. Mzee Mhina anasema mshenga amlete mtu wake, aje aseme kwa kinywa chake. Akishindwa kusema, aandike talaka, kila mtu ashike njia yake.

Hoza alimpenda mke wake, wakuu. Hilo nalitolea kiapo. Alikonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba ya mkonge. Lakini kusema? Hoza? Nikajua tumekwisha.

Mwingine hapo angekimbilia kilabuni. Yeye akawasha kinanda.

SIDE A

Studio yake ilikuwa hivi. Godoro limesimamishwa mlangoni ili kelele zisitoke. Redio kaseti juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anabonyeza kile kitufe chekundu, anaanza kuimba kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asisikie. Umeme ukikatika anaweka betri, na betri zikichoka anazianika juu ya bati mpaka zipate nguvu tena. Msijifanye hamjui, sote tulianika.

Wimbo wa kwanza unaitwa "Dirishani". Unaanza na fidla za kinanda, sauti moja tu, imenyooka, inakaa mpaka unadhani kanda imeganda. Kisha anaingia Hoza. Sauti nyembamba, haina madoido, kama mtu anayeongea na ukuta. Anaimba jinsi jua la asubuhi linavyoingia na kukuta mahali pake hapana mtu. Basi. Hamna kibwagizo. Mwanamuziki mwingine angeongeza kilio hapo, yeye ameacha hivyohivyo, na ndiyo maana unauma.

Wa pili ni "Kwamsisi ni Mbali". Huu una kitu ambacho huwezi kukitengeneza hata ukiwa na studio ya mamilioni. Katikati ya wimbo treni inapita, reli haikuwa mbali na pale, na dereva anapiga honi. Hoza hakusimamisha kanda. Ananyamaza, anaiacha treni ipite, halafu anaendelea kuimba kutoka kwenye noti ileile iliyoachwa na honi. Nimeusikia tena juzi nikiwa napukuchua mahindi barazani, nywele zikasimama. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Halafu "Sindano".

Wakuu, "Sindano" ndiyo moyo wa kanda hii. Kile kinanda kilikuwa na ngoma zake tayari, rumba, disko, cha-cha. Hoza alizikataa zote. Ngoma ya wimbo huu aliipiga kwa kidole, kitufe kimoja kikavu: taka-taka-taka-taka, inasimama kidogo, taka-taka, inasimama, taka-taka-taka inakimbia. Juu yake kinanda kinalia polepole, na Hoza anaimba kwamba ameachwa, amebaki na tundu asilojua kuliziba.

Niliposikia mara ya kwanza nikamwambia, "Ngoma yako inakwamakwama."

Akarudisha kanda mwanzo, akaiweka tena. Nilikuwa sijaelewa bado.

UKWENI

Siku ya kwenda Kwamsisi tulikuwa watatu, mimi, Hoza na baba yake mdogo kutoka Kerenge. Tukashuka Mkata, tukaazima baiskeli, tukashika njia ya Kwamsisi. Nyuma ya baiskeli ya Hoza kuna mzigo umefungwa kanga. Nikamuuliza umebeba nini, akakanyaga baiskeli akatangulia. Nikadhani ni zawadi ya mama mkwe, nikafurahi moyoni kwamba leo kaka amepata akili.

Tukapokelewa vizuri. Shikamoo zikapita, maji yakaja, tukakaa kwenye jamvi. Mwanaidi alikuwa ndani, kwa kawaida haitwi mpaka wanaume wamalize.

Utaratibu wetu ni huu: mshenga anafungua maneno, mzee wa upande wa mume anatia uzito, kisha mwenye kosa anasema mwenyewe. Anakaripiwa, anapigwa faini, anapewa mke wake. Sio jambo gumu. Mtu hata akisema "nimekosa" tu na kuinamisha kichwa, mambo yanakwenda.

Nikafungua maneno. Nilisema siku hiyo, acheni nijisifu! Mpaka mama mkwe akaguna kwa kuridhika.

Mzee Mhina akatikisa kichwa. "Mshenga tumekusikia. Ndugu yetu wa Kerenge tumekusikia. Sasa aseme mwenye mke."

Hoza akakohoa. Akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akavuta ule mzigo, akafungua kanga, akatoa redio kaseti, akaiweka katikati ya jamvi mbele ya mkwe wake.

Akabonyeza.

Ya Rabi! Nilitamani ardhi ya Kwamsisi inimeze na baiskeli yangu ya kuazima.

"Sindano" ikaanza. Na zile betri zilikuwa za kuanikwa, kwa hiyo sauti ya Hoza ikatoka nzito, inavutika, kama mtu anayeimba huku anaota. Mzee Mhina akaniangalia mimi. "Huyu ni mgonjwa?" Nikasema hapana mzee, ni betri. Mama mkwe akasema neno la Kizigua ambalo sitaliandika hapa, mods watanifungia.

Taka-taka-taka, inasimama. Taka-taka.

Pazia la mlango likafunuliwa. Mwanaidi ametoka, hakuna aliyemwita. Amesimama, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza ile ngoma. Machozi yanamtoka. Mimi nikambana Hoza kwa kiwiko, nikasema moyoni, yamekwisha, tumeshinda.

Mwanaidi akasema, taratibu kabisa, "Hiyo ni mashine yangu."

Hoza akaitikia kwa kichwa.

"Huo ni mguu wangu. Hapo nimesimama nageuza kitambaa. Hapo nimefika kwenye bega. Hapo namalizia nikate uzi."

Hoza akaitikia tena, na akatabasamu, masikini.

"Kwa hiyo ulikuwa unasikia," Mwanaidi akasema. "Mimi nilidhani umeitoa kwa sababu hukujua ni nini kwangu. Kumbe uliijua mpaka inavyopumua. Uliijua, na ukaenda ukaitoa."

Akarudi ndani. Pazia likashuka.

Wakuu, nimekaa kwenye vikao vingi vya ndoa. Sijawahi kusikia mtu akinyamazishwa vile. Redio ikaendelea kuimba yenyewe, inavutika, mpaka Mzee Mhina akanyoosha kidole chake cha mguu akaizima.

Akasema, "Redio haiombi radhi. Nendeni mkalete mashine. Na safari ijayo mje na mdomo."

SIDE B

Hapa ndipo album inapokuwa album. Naomba utulivu.

Hoza alipofika Manundu akasimamisha godoro mlangoni, akageuza kanda, akaanza upande wa pili.

Ukisikiliza kwa makini utaona huyu sio mtu yule wa Side A. Side A yote ni mimi, mimi, mimi. Nimeachwa, nimebaki, Kwamsisi ni mbali. Nyimbo nzuri lakini mtu anajililia mwenyewe. Side B neno "umeniacha" halipo hata mara moja.

Wimbo wa kwanza wa upande huo unaitwa "Nilisikia". Ngoma ni ileile ya cherehani. Maneno ni machache sana. Anataja vitu alivyokuwa anavisikia akiwa amelala kitandani asubuhi na mke wake anashona: mafuta yakidondoshwa kwenye chuma, mkasi ukiwekwa chini polepole ili yeye asiamke, Mwanaidi akihesabu chini ya pumzi. Baada ya kila kitu anasema, "nilisikia". Hajitetei. Hasemi nisamehe. Mpaka mwisho ni "nilisikia" tu, na kinanda kimebaki na sauti moja ya chini inayotetemeka.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na ule wimbo nikiusikia natafuta pa kuweka uso.

Unajua kinachonishangaza? Yale maneno ya Mwanaidi pale ukweni yalikuwa ya kumvunja. Mtu mwingine angekasirika. Hoza aliyabeba yote, akaenda kuyatia kwenye kanda, dhidi yake mwenyewe. Wanamuziki wangapi wanaweza hilo?

Wimbo wa mwisho hauna jina wala maneno. Ni ile ngoma na kinanda, basi, na betri zinakwisha humohumo ndani ya wimbo. Unasikia kinanda kinalegea, kinashuka, kinazima. Hakurudia kurekodi.

Hakurudia kwa sababu asubuhi yake alianza safari ya kukitoa.

Alizunguka kuitafuta ile cherehani. Mfanyabiashara alishaipitisha kwa fundi mmoja wa kwetu Mazingara, na fundi hataki kuiachia kwa lolote. Hoza akaenda hivyohivyo, kinanda kimefungwa nyuma ya baiskeli. Mungu si Athumani, yule fundi akawa ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwao, na kwaya haina hata kayamba la maana. Alipobonyezewa ile sauti ya fidla akaanza kuutafuta wimbo wa ibada palepale. Wakabadilishana kabla chai haijapoa.

Kutoka Mazingara mpaka Kwamsisi tuliibeba mimi na yeye. Kichwa cha cherehani kwake, miguu ya chuma kwangu. Sitaongelea mgongo wangu.

Jamvi likatandikwa tena. Mzee Mhina akasema, "Aseme mwenye mke."

Hoza akakohoa kama safari ile. Lakini akasema. Namnukuu, na ni hotuba yake ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia:

"Nilikosa. Sio kwamba sikujua. Nilijua, nikafanya."

Mzee akamwita Mwanaidi. Akamuuliza amesikia? Akasema amesikia. Anarudi? Mwanaidi akaizunguka kwanza ile mashine, akaikagua, akapitisha kidole kwenye yale maua ya dhahabu, akatazama kama sindano imepinda. Kisha akasema anarudi, kwa sharti moja.

"Ile kanda isilie nyumbani kwangu."

Hoza akakubali. Faini ilikuwa beberu na doti ya kanga ya mama mkwe, tukashukuru Mungu, tukala.

KWA HIYO KANDA IKAENDA WAPI?

Ilibaki kwangu. Nikaipeleka kwa jamaa mmoja aliyekuwa anarekodi kanda pale stendi Korogwe, akatoa nakala kadhaa. Nisiwadanganye, haikutikisa nchi. Baa moja iliiweka, wateja wakauliza nani amekufa. Akina dada wa saluni waliipenda. Na vijana wa Kimasai wa mbugani kule Handeni, wale wanaochunga na redio begani, waliupenda ule wimbo usio na maneno, nikawa nakutana nao wanaupiga mluzi nyuma ya ng'ombe. Baada ya hapo nakala zikapotea moja moja, zikakatika, juu yake yakarekodiwa mawaidha na matangazo ya mpira.

Ya kwangu nikaiweka kwenye kopo la biskuti.

Mwaka huu binti yangu akaikuta, akaisafisha, akaitia kwenye simu. Ndipo nikaisikia upya, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni mwendo. Miaka yote nilikumbuka album ya polepole, ya kujikokota. Kumbe zilikuwa betri zilizochoka za redio zetu! Hoza aliipiga kwa mwendo wa mtu anayeshona na mteja anamsubiri mlangoni. Ina huzuni, ndiyo, lakini ina kazi ndani yake. Nimeipenda mara mbili.

Binti akataka aiweke mtandaoni. Nikasema ngoja, kuna mwenyewe.

Tukaenda Kerenge. Hoza siku hizi analima na masikio yameanza kumpunguka. Nikamweleza. Akafikiria kwa mwendo wake ule, sisi tumekunywa chai tumemaliza, akasema:

"Mwulizeni mwenye mashine."

Mwenye mashine alikuwa barazani, miwani puani, anabana suruali za mitumba. Eeh, mitumba hiyohiyo iliyotakiwa kumfukuza kazini. Watu wananunua makubwa, yeye anayapunguza, na tangu enzi hizo hajakaa bila kazi. Hoza na kufikiria kwake mbele!

Nikamwamkia shemeji, nikamwambia jambo lililotuleta. Mguu ukasimama kwenye pedeli. Nikajua hapa tunafukuzwa, maana sharti lile halikuwa limevunjwa hata siku moja katika nyumba ile, na Side B yeye hakuwa ameisikia kabisa. Hoza alisimama mlangoni kashika fimbo yake, hajui akae au akimbie.

"Wekeni," Mwanaidi akasema. "Nisikie mnachotaka kunitangazia."

Binti akaweka "Nilisikia".

Mwanaidi hakutuangalia. Aliurudisha mguu kwenye pedeli akaendelea kubana suruali yake. Mafuta kwenye chuma, nilisikia. Mkasi ukiwekwa chini, nilisikia. Na mimi kwa macho yangu nikaona ule mguu unaanza kwenda na ile ngoma, na kusimama inaposimama, kugeuza kitambaa inapogeuza.

Halafu ghafla akauinua.

"Hapo kakosea," akasema. "Hapo ni pindo. Kwenye pindo mimi sisimami."

Hoza mlangoni akasema, "Kidole kilikuwa kimechoka."

"Kidole! Na mimi mguu wangu nilikuwa nauazima kwa jirani?"

Tukacheka, wakuu, mpaka Hoza akacheka. Mwanaidi alikuwa anacheka na kufuta miwani kwa pindo la kanga, anaifuta, anaivaa, anaifuta tena. Akamwambia binti yangu aurudishe wimbo mwanzo. Ukapigwa tena mpaka mwisho, na safari hii hakushona, alikaa tu mikono mapajani.

Ulipokwisha akamwangalia mume wake.

"Haya maneno si ungeyasema tu?"

Hoza akasema, "Nilikuwa najifunza."

Basi ruhusa tumepewa. Ila kuna sharti jipya, maana shemeji yangu bila sharti hakuna mkataba. Amesema kwenye maelezo ya album lisiandikwe jina la Hoza peke yake. Ile ngoma sio ya Hoza.

Binti ameshaandaa. Jina la album ni "Nilisikia". Chini yake imeandikwa hivi:

Kinanda na sauti: Hoza.
Cherehani: Mwanaidi.

Nilichojifunza mimi mshenga mstaafu: mtu anaweza kuishi nawe, akakusikia mpaka unavyopumua, na bado akakuumiza. Kusikia peke yake hakumzuii mtu. Siku anaposema kwa kinywa chake kwamba alijua, hapo ndipo mnaweza kukaa jamvi moja. Ukiwa na mtu wako uliyemkosea na unajua kabisa ulichofanya, usimtumie voice note ya nyimbo. Beba mashine, panda baiskeli, nenda.

Album nitaiweka hapa binti akimaliza kuirekebisha. Ile honi ya treni nimemkataza asiiguse.

Wa Korogwe, Handeni, Mkata, kuna anayeikumbuka kanda hii? Kuna mwenye nakala isiyorekodiwa mpira? Na nyie wengine, mngekuwa Mzee Mhina pale kwenye jamvi, mngeizima ile redio au mngeiacha iishe?

Wale wa "uzi bila picha", picha ipo. Nimeipiga picha ile cherehani. Yale maua ya dhahabu yamefutika upande mmoja, ule anaoegemeza mkono.